Ni kweli kila mtu akipewa rungu anageuka mnyama?

Swali: Shikamoo Daktari. Mimi ni mwalimu wa sekondari ya bweni, nina mwaka wa pili kazini. Likizo iliyopita nilitazama na mwenzangu filamu ya Kijerumani iitwayo Das Experiment, ile ya wanaume wa kawaida wanaolipwa wakae kwenye gereza la kuigiza, wengine wafungwa, wengine askari. Siku chache tu wanaumizana mpaka watu wanakufa. Mwenzangu akaniambia: "Unaona? Binadamu ni mnyama. Ustaarabu ni koti, mvue koti uone fisi." Tangu hapo silali vizuri, maana muhula huu nimekabidhiwa ulezi wa bweni la wavulana, na viranja wako chini yangu. Je, kisa kile ni cha kweli? Na mimi nikishika funguo na fimbo nitageuka? Halafu, inafaa kuwaonyesha wanafunzi filamu hiyo?

Jibu: Marahaba, mwalimu, na pole kwa usingizi uliopotea. Mwenzako amekosea, lakini hakukosea peke yake. Kwa miaka mingi sisi watu wa saikolojia tuliwafundisha wanafunzi wetu jambo hilo hilo, nami nimesimama darasani nikalifundisha kwa kujiamini kabisa. Leo silifundishi hivyo tena, na ningependa ujue sababu kabla hujaingia bwenini.

Filamu ilitoka mwaka 2001, mwongozaji wake ni Oliver Hirschbiegel, na imetokana na riwaya ya Mario Giordano. Vifo ulivyoviona mle ni vya kubuni. Mbegu ya kisa ndiyo ya kweli, nayo ilipandwa Marekani, Chuo Kikuu cha Stanford huko California, katikati ya Agosti 1971. Pale hakufa mtu.

Profesa Philip Zimbardo alitangaza gazetini kwamba anatafuta vijana wa kiume wa vyuoni kwa utafiti wa maisha ya gerezani, malipo dola 15 kwa siku. Walijitokeza zaidi ya 70, akachagua 24 walioonekana wazima wa mwili na akili, wakagawanywa kwa bahati nasibu. Polisi halisi wa mji wa Palo Alto wakawafuata wale walioangukia ufungwa, wakawatia pingu majirani wakitazama. Gereza lenyewe lilikuwa korido ya chini ya ardhi katika jengo la idara ya saikolojia. Vyumba vya maabara viling'olewa milango, vikawekwa ya nondo, na kistoo kimoja chenye giza kikafanywa selo ya adhabu. Wafungwa walivishwa magauni bila nguo ya ndani, namba mwilini, mnyororo mguuni, soksi ya nailoni kichwani badala ya kunyolewa. Askari walipewa sare za kaki, rungu, na miwani ya kioo inayoficha macho.

Usiku wa kwanza, saa nane na nusu, filimbi zikapulizwa: amkeni, mhesabiwe. Siku ya pili wafungwa wakagoma, wakajizuia ndani kwa vitanda. Askari wakawapulizia vizima moto, wakawavua nguo, wakawanyang'anya vitanda. Siku mbili hazijatimia, mfungwa namba 8612 analia na kupiga kelele mpaka wakamwachia. Utafiti uliopangwa kwa wiki mbili ukavunjwa siku ya sita.

Habari hiyo ikazunguka dunia, ikaingia katika vitabu vya kiada, ikazaa filamu zaidi ya moja. Fundisho lake lilikuwa rahisi kulibeba: mpe mtu mwema sare na rungu, mfungie mahali pasipo na jicho la nje, ukatili utatoka wenyewe kama maji yanayofuata mteremko. Hakuna aliyeagiza, hakuna aliyefundisha.

Hapo kwenye neno "wenyewe" ndipo tulipopotea.

Siku moja kabla wafungwa hawajaletwa, Zimbardo aliwaita askari kwenye kikao. Akawaambia hawaruhusiwi kupiga. Lakini akawaambia pia kwamba wanaweza kuwachosha wafungwa, kuwatia hofu, kuwafanya wajione hawana mamlaka yoyote juu ya maisha yao, na kwamba watavuliwa utu wao wa mmoja mmoja kwa njia mbalimbali. Alisema "sisi" akimaanisha yeye na askari. Wafungwa walikuwa "wao". Kwenye utafiti huo profesa hakuwa mtazamaji wa pembeni, alijipa cheo cha msimamizi mkuu wa magereza. Mkuu wa gereza alikuwa mwanafunzi wake wa shahada ya kwanza.

Na kuna ukanda wa sauti. Ulikaa katika kumbukumbu za chuo miaka mingi, ukaja kusikika kwa upana mwaka 2018, baada ya mtafiti wa Kifaransa, Thibault Le Texier, kuchambua nyaraka za utafiti ule. Mkuu wa gereza anazungumza na askari mmoja mpole, ambaye anajiweka kando wakati wenzake wanafoka. Hamkaripii. Kwa sauti ya kirafiki kabisa anamweleza kwamba kila askari anatakiwa awe mkali, na kwamba ukali huo una lengo jema: matokeo yatatumika kuonyesha umma jinsi magereza yalivyo mabaya, ili yarekebishwe. Yule kijana anajibu kwamba yeye si mkali sana. Anaombwa ajaribu.

Nilipousikia mara ya kwanza niliurudisha nyuma mara tatu. Kijana anasukumwa kwenye ukatili kwa jina la huruma, na anayemsukuma anaamini anachokisema!

Askari aliyevuma kuliko wote, aliyepachikwa jina la John Wayne, mwigizaji wa filamu za kimarekani za ubabe, naye alieleza miaka mingi baadaye kwamba aliingia akiwa na mpango. Alikuwa amefanya michezo ya kuigiza, akaamua kuwa mtu wa aina fulani ili watafiti wapate kitu cha kufanyia kazi. Mfungwa 8612 alisema baadaye kwamba sehemu kubwa ya kulia kwake alikuwa akijifanya, kwa sababu alitaka kutoka akajisomee mtihani wake na wakamkatalia. Simalizii hapo niseme kila kitu kilikuwa maigizo. Mtu aliyeomba kutoka akakataliwa ni mfungwa kweli, hata kama kilio alikikuza. Zimbardo aliutetea utafiti wake mpaka alipofariki mwaka 2024, na hoja yake ya msingi kwamba mazingira yana nguvu juu ya mtu si ya kutupa. Ila mazingira yale hayakuota kama uyoga. Kuna mtu aliyeyajenga, akayabariki, akakaa ndani yake.

Hata lile tangazo la gazeti halikuwa wavu unaovua samaki wa kila aina. Mwaka 2007 watafiti wawili wa Marekani, Carnahan na McFarland, walitoa matangazo ya aina mbili: moja likitaja utafiti wa maisha ya gerezani, jingine likitaja utafiti wa saikolojia tu. Walioitika lile la gereza walionekana kwenye vipimo kuwa wapenda ubabe zaidi, wagomvi zaidi, na wenye huruma kidogo kuliko wenzao.

Sasa irudie ile filamu kwa macho haya, utaona mwongozaji ni mwerevu kuliko maneno ya mwenzako. Tarek, dereva teksi aliyewahi kuwa mwandishi wa habari, anaingia na miwani yenye kamera ndani na anachokoza makusudi, maana gereza lililotulia halina habari ya kuuza. Berus, yule askari mtulivu, anagundua kwamba kama kupiga kumekatazwa, kudhalilisha hakujakatazwa, na anawauzia wenzake wazo hilo kwa sauti ya mtu anayesuluhisha tatizo la kiofisi. Kuna askari mmoja, Bosch, anayekataa na kujaribu kuwasaidia wafungwa. Wenzake wanampiga na kumtupa selo. Na profesa? Profesa ameondoka, hapatikani. Watu wengi wakimaliza kutazama wanamzungumzia Berus. Mimi kila nikiitazama namfikiria yule ambaye angeweza kusema "basi" kwa neno moja, naye hakulisema alipokuwepo, kisha akawa hayupo.

Kumbuka tukio la maziwa. Kanuni inasema chakula chote kiliwe. Mfungwa mmoja, mtu mnene mwenye haya, tumbo lake halipokei maziwa. Askari anamsimamia: kanuni ni kanuni, kunywa. Tarek ananyosha mkono, anayachukua, anayanywa yeye. Vita vyote vinavyofuata vinaanzia kwenye kikombe hicho. Nalipenda tukio hilo kwa sababu haliwezi kuelezwa kwa unyama. Mnyama hana shida na kanuni ya maziwa. Askari yule alikuwa anafanya kazi yake, na mbele ya wenzake asingeweza tena kurudi nyuma.

Naongea hivi kwa sababu na mimi niliwahi kuwa yule askari.

Nilikuwa kidato cha tano, kiranja wa bweni. Mwalimu mmoja niliyemheshimu sana aliniita pembeni akaniambia: "Hawa njuka ukiwachekea watakupanda kichwani. Wewe ndiye unayewajenga." Usiku mmoja sukari ya mtu ikapotea. Nikawaamsha kidato cha kwanza wote, nikawapanga koridoni, kila mmoja na ndoo ya maji kichwani, mpaka mwizi ajitaje. Mmoja alikuwa mdogo kuliko wote. Ndoo ilikuwa inatetemeka, maji yanamchuruzika shingoni na kuingia ndani ya fulana, naye haniangalii mimi, anaangalia kandambili zake. Nakumbuka nilivyojisikia: nilijisikia mtu anayewajibika. Hasira sikuwa nayo hata kidogo. Kiranja mwenzangu akatoka chumbani, akaitua ile ndoo kichwani kwa mtoto, akaiweka sakafuni, akasema, "Mtoto wa watu huyu," akarudi kulala. Wengine wakatua zao. Nilimnunia muhula mzima. Hakuna aliyemwadhibu, wala bweni halikuporomoka.

Kwa hiyo ukiniuliza kama na wewe utageuka, siwezi kukuapia kwamba hutageuka. Ila funguo na fimbo haziwezi kukugeuza zenyewe. Hatari itakujia siku utakapoamini kwamba unachowafanyia ni kwa faida yao, na mtu unayemheshimu akakupigia makofi kwa hilo.

Na ujue kwamba wanaokataa wapo siku zote, tatizo letu ni kwamba hatuwahesabu. Pale Stanford, kwa maelezo ya watafiti wenyewe, wakatili walikuwa kama theluthi ya askari. Wengine walikuwa wakali lakini wa haki, na wengine waliwafanyia wafungwa hisani ndogo ndogo. Mwanafalsafa Erich Fromm aliliona hilo mapema, mwaka 1973, akauliza: kama theluthi mbili hawakugeuka, utafiti huu unathibitisha nini hasa? Miaka kumi kabla ya Zimbardo, mwaka 1961, Stanley Milgram wa Chuo Kikuu cha Yale alianza majaribio yake ya kuwaamuru watu wampige mwenzao shoti ya umeme. Umeme ulikuwa wa uongo, ila wao hawakujua. Namba inayotajwa kila mahali ni 26 kati ya 40 waliokwenda mpaka volti 450. Namba isiyotajwa ni hii: alipoweka kando ya mshiriki watu wawili waliosimama na kukataa kuendelea, waliofika mwisho walibaki 4 kati ya 40. Wawili tu wanatosha kuibadili picha yote.

Stanford pia alikuwepo wa kukataa. Christina Maslach, mwanasaikolojia kijana aliyekuwa mchumba wa Zimbardo, alifika Alhamisi jioni. Akaona wafungwa wakipelekwa chooni usiku: wamefungwa minyororo miguuni wakiunganishwa kwa msururu, kila mmoja ana mfuko wa karatasi kichwani, askari wanawapigia kelele. Zimbardo akamwonyesha kama mtu anayeonyesha shamba lake lilivyostawi. Yeye akageuza uso, machozi yakamtoka, wakagombana vikali. Kesho yake, Ijumaa, gereza likafungwa. Zimbardo mwenyewe ameandika kwamba watu zaidi ya 50 wa nje walikuwa wameshaliona gereza lile, wakiwamo wazazi na padri, na hakuna mmoja wao aliyesema inatosha.

Hata hivyo usije ukadhani wema ukiachwa wenyewe unatosha. Desemba 2001 wanasaikolojia wawili wa Uingereza, Alex Haslam na Steve Reicher, walijenga gereza lao wakishirikiana na BBC, wanaume 15, bila kuwaambia askari wawe vipi. Askari hawakuelewana, wakaona aibu kutumia mamlaka. Wafungwa wakaungana, siku ya sita utawala ukaanguka. Wakaanzisha jumuiya ya usawa, wote kwa mapenzi yao. Haikudumu hata siku mbili: waliovunja taratibu hakuna aliyewabana, waliozijenga wakachoka, na baadhi yao wakaanza kupanga utawala mpya wenye askari wakali kuliko wa kwanza. Watafiti wakasimamisha siku ya nane. Kwako wewe hili lina uzito kuliko Stanford. Bweni lisilo na utaratibu linatengeneza njaa ya mbabe. Mlezi anayeogopa madaraka yake anamwachia nafasi kijana mkubwa wa kitanda cha kona.

Kuhusu lile koti la ustaarabu. Lugha yetu yenyewe ina ushahidi. Hapa pwani mstaarabu alikuwa mtu wa mji, aliyeshika mienendo ya Kiarabu, na mwenzake wa bara akaitwa mshenzi. Soko la watumwa la Zanzibar, lililofungwa mwaka 1873, halikuendeshwa na watu waliovua koti. Liliendeshwa na watu waliojiita waungwana, wenye koti zuri kabisa. Wajerumani walipokuja walisema wanaleta ustaarabu, nao ndio waliotuachia neno "hamsa ishirini", viboko 25 vilivyohesabiwa kimoja kimoja. Ndiyo maana nalikataa lile fisi la mwenzako. Fisi hahesabu. Ukatili mkubwa tunaoujua una sare, una ratiba, una karani. Wazee wetu walipotaka kutaja kinachokosekana hapo walisema utu, na utu haumo kwenye koti wala chini yake. Ni namna ya kumtazama aliye mbele yako kuwa ni mtoto wa watu.

Bwenini, basi. Viranja wako usiwape fimbo hata ya mfano, na hili si ushauri wangu tu: kanuni za Tanzania za viboko shuleni za mwaka 2002 zinamruhusu mkuu wa shule, au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, visizidi vinne, na iandikwe. Kiranja hamo. Adhabu yoyote ya usiku ipige marufuku. Kosa la saa tano usiku lisubiri asubuhi, utashangaa mangapi yatakuwa yameisha yenyewe. Neno "njuka" likome midomoni mwa viranja wakiwa kazini, wawaite watoto kwa majina yao, wote, hata kama itachukua mwezi kuyajua. Na wewe uwe unatokea kwa saa isiyotabirika, usiwe profesa aliyesafiri.

Jingine ni gumu zaidi. Tafuta mtu asiyekaa bwenini, mpishi, muuguzi wa zahanati ya shule, mwalimu wa kike wa somo jingine, yeyote asiyekuogopa, umkaribishe apite mara kwa mara na umwombe akuambie anachokiona. Utakapoanza kumwona mtu huyo ni msumbufu asiyeelewa mambo ya bweni, mwongezee siku za kupita. Halafu kijana atakayeitua ndoo kichwani kwa mwenzake, msifu mbele ya wote siku hiyo hiyo, hata kama kwa kufanya hivyo amekuvunjia amri yako.

Filamu usiwaonyeshe wanafunzi. Ina matukio ya kingono na udhalilishaji ambayo hayafai umri wao, na wako watakaoondoka na mbinu badala ya fundisho. Kaa wewe na viranja wako, uwasimulie tukio la maziwa kwa mdomo wako, taratibu, mpaka pale kikombe kiko mezani na askari amesimama. Nyamaza hapo. Waulize, mmoja mmoja: wewe ungekuwa nani kwenye meza hii? Usikimbilie kuwajibia. Yupo atakayesema angekuwa wa meza ya jirani anayeendelea kula. Huyo mwombe aendelee kuzungumza.